Mfalme Aliyeazima Jeshi Mara Mbili: Kisa cha Min Saw Mon wa Arakan

## Kwa nini kisa hiki

Nguo ya kuazima haisitiri matako. Mtu wa kisa hiki hakuazima nguo, aliazima jeshi. Mara ya kwanza lilimvua hadharani. Akarudi kwa mwenye nalo, akaomba jingine, na hilo la pili likamkalisha tena kwenye kiti alichokuwa amekikimbia miaka 23 nyuma. Alipokufa aliacha mji mpya uliokuwa makao ya wafalme kwa zaidi ya miaka 350.

Nakitumia kisa hiki ninapozungumza na watu kuhusu namna ya kudaiwa. Mtu asiye na nguvu zake mwenyewe, ambaye hawezi kurudi mahali pake ila kwa mgongo wa mwingine, afanye nini ili asigeuke mtumwa wa aliyembeba?

Kwa kawaida visa vya kufundishia huondolewa majina. Huyu amekufa karibu miaka 600 iliyopita, na ukimnyang'anya jina lake na miji yake kinabaki kiunzi kitupu, kwa hiyo nimeyaacha. Nilioondoa ni watu wa pembeni: wake, machifu wadogo na wapambe ambao tarekhe zinawataja kwa namna zinazopingana, na ambao hawabadilishi somo.

## Usuli

Arakan ni ukanda mwembamba wa pwani, mashariki mwa Ghuba ya Bengal. Leo ni Jimbo la Rakhine, magharibi mwa Myanmar. Mgongoni mwake imesimama milima ya Arakan Yoma, inayoitenga na bonde la mto Irrawaddy walikokaa wafalme wa Kiburma. Kaskazini magharibi, ukivuka mto Naf, unaingia Bengal. Kusi inapovuma huleta mvua ambazo hata mtu wa Tanga angezishangaa: njia za milimani hufungika, mito ya Kaladan na Lemro hufurika, na mwenye vita vyake huvisubirisha mpaka ardhi ikauke. Mwezi wa Novemba utatokea tena katika kisa hiki, na sababu ni hiyo.

Makao ya wafalme yalikuwa Launggyet, kando ya mto Lemro, tangu mwaka 1251. Kulikuwa na mpunga wa kutosha, bahari karibu, na dini ya Buddha iliyoota mizizi. Nguvu za kutosha kuishi bila kujali majirani hazikuwepo, na majirani walikuwa watatu. Ava ilikuwa ng'ambo ya milima. Pegu, ufalme wa Wamon, ilikuwa kusini mashariki. Hao wawili walikuwa wamekamatana mashati tangu 1385 katika vita ambavyo vitabu huviita Vita vya Miaka Arobaini. Wa tatu, Usultani wa Bengal, alikuwa tajiri kuliko wote na hakuwa na ugomvi katika vita hivyo.

Min Saw Mon, ambaye vitabu vya zamani humwita Narameikhla, alizaliwa mwaka 1380. Alitawazwa mwaka 1404, kijana wa miaka 24 hivi, katika ukoo uliochoshwa na ugomvi wa ndani.

## Kilichotokea

### Kuchokoza nyuki, 1404–1406

Ava ilikuwa imetoka kubanwa vibaya. Mfalme wake, Minkhaung wa Kwanza, alikuwa bado mgeni kitini wakati Razadarit wa Pegu alipompandishia majeshi mwaka 1401. Ukiwa Launggyet, ukitazama juu ya milima, ungemwona jirani aliyejaa majeraha. Waarakan wakavuka na kuvamia maeneo ya mpakani ya Ava.

Hapo ndipo hesabu ilipokosewa. Ava na Pegu walikuwa wameshapatana mwaka 1403. Minkhaung hakuwa tena mtu mwenye mikono miwili iliyofungwa. Alikuwa na jeshi lililozoea vita, lisilo na kazi kwa wakati ule, na sasa limepewa sababu.

### Kuanguka, Novemba 1406

Mvua zilipokwisha, jeshi la Ava likavuka milima likiongozwa na mwana wa mfalme, Minye Kyawswa, ambaye bado alikuwa kijana mdogo. Launggyet ilianguka mwezi Novemba 1406. Min Saw Mon, miaka miwili tu kitini, akakimbilia Bengal.

Ava ikamkalisha mtu wake, akapewa cheo cha Anawrahta na kuozwa binti wa Minkhaung. Tumweke huyu Anawrahta kumbukumbuni, nitamrudia. Pegu haikukubali kuona Ava imefika baharini. Mwaka 1408 watu wa Razadarit waliiteka Launggyet, wakamkamata Anawrahta, akauawa, na mkewe akaingizwa katika nyumba ya Razadarit. Kuanzia hapo Arakan ikawa uwanja wa watu wengine kupigania: mara huyu yuko juu, mara yule, na mwenye nchi hayupo.

### Miaka 23 ya ukimbizi

Sehemu hii watu huipita haraka, nami naona ndiyo yenye uzito.

Bengal aliyoikuta ilikuwa ya Sultani Ghiyasuddin Azam Shah, na makao yake Pandua, mji wenye Msikiti wa Adina, jengo lililoshinda kwa ukubwa misikiti yote ya Bara Hindi la wakati ule. Nitoke njiani kidogo. Mwaka 1414, Min Saw Mon akiwa na miaka minane ukimbizini, Bengal ilimpelekea mfalme wa China zawadi ya twiga. Bengal haina twiga. Wanahistoria wengi wanaona mnyama yule alitokea Malindi, na mwaka uliofuata Malindi yenyewe ikapeleka wake. Nalitaja ili tuelewe alikimbilia wapi: kwenye baraza lililofikiwa na meli za bahari nzima, ambako mfalme aliyepoteza kijiji chake cha mpunga alikuwa mmoja tu kati ya wengi wanaosubiri kuitwa.

Na baraza hilo nalo halikutulia. Azam Shah alifariki, wakafuata masultani watatu ambao hakuna aliyekaa muda wa maana. Nyuma yao alikuwepo bwana mkubwa wa Kihindu, Raja Ganesha, aliyekuwa akivuta kamba hadi akaishika serikali mwenyewe. Karibu mwaka 1415 Sultani Ibrahim Sharqi wa Jaunpur, usultani jirani upande wa magharibi, akaingia Bengal na jeshi, na suluhu iliyopatikana ilikuwa ya ajabu: mwana wa Ganesha, Jadu, asilimu na akalie kiti. Akawa Jalaluddin Muhammad Shah. Baba yake akakirudisha kiti kwa muda, na kuanzia 1418 Jalaluddin akatawala moja kwa moja hadi 1433.

Min Saw Mon alikuwa wapi wakati wote huo? Tarekhe za Arakan zinamweka ndani ya jeshi la sultani, na zinamsifu kwa hila za kivita zilizoisaidia Bengal iliposhambuliwa. Tarekhe za watu hupenda kumfanya mtu wao ndiye aliyeokoa nyumba ya mwenyeji, kwa hiyo nazipokea kwa tahadhari. Lakini kiini chake hakina tatizo. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mtu hakai miaka ishirini na zaidi katika nyumba iliyobadilisha mabwana mara tano asipokuwa na kazi anayoifanya.

### Mkopo wa kwanza, 1429

Kufikia mwisho wa miaka ya 1420 mambo matatu yalikuwa yamejipanga. Jalaluddin alikuwa ametulia kitini na ana nguvu. Minkhaung na Razadarit walikuwa wamekufa, na vita vyao vikafa nyuma yao. Warithi wa pande zote mbili waliingia katika fitina na mauaji ya ndani, kiasi kwamba hakuna aliyekuwa na hamu ya kuvuka milima.

Sultani akatoa jeshi. Mkuu wake, tarekhe zinamwita Wali Khan. Wakashuka Arakan, na Wali Khan alipoona nchi iko mikononi mwake na mwenye nchi hana hata askari wake mmoja, akaamua kuwa hahitaji mfalme. Akapatana na bwana mmoja wa hukohuko, akamfunga Min Saw Mon, akajitawala.

Jaribu kukaa pale alipokaa. Umesubiri toka una miaka 26. Umefika nyumbani, unazijua harufu za mto, na aliyekufunga ni yule uliyekuja naye.

### Mkopo wa pili

Alitoroka. Na akarudi kulekule Bengal, kwa Jalaluddin.

Sultani akampa jeshi la pili. Hili likamwondoa Wali Khan na Min Saw Mon akarudishwa kitini mwaka 1429. Masharti yalieleweka: Arakan itakuwa chini ya ulinzi wa Bengal, na sehemu ya ardhi ya upande wa kaskazini iende kwa sultani. Sehemu ya askari waliokuja naye wakabaki. Msikiti wa Santikan, nje kidogo ya mji wake mpya, kwa masimulizi ya mahali pale uliachwa na watu hao.

### Kuhama, 1430

Hakukaa Launggyet. Mwaka 1430 alihamishia makao Mrauk U, mahali penye vilima vingi kati ya Kaladan na Lemro. Inasimuliwa kwamba wapiga ramli walimwonya: ukihama, hutaishi. Akajibu kuwa kama kuhama kuna faida kwa watu, kifo chake si kitu. Maneno ya namna hiyo huwekwa kinywani mwa mfalme baada ya kufa, lakini yanatuambia jinsi vizazi vya baadaye walivyouona uamuzi ule: kwamba ulikuwa na gharama, na kwamba aliulipia yeye.

Alifariki mwaka 1433. Kiti kikaenda kwa mdogo wake, Min Khayi.

## Maamuzi, na kwa nini

Kukimbilia Bengal, si Pegu. Mwaka 1406 njia rahisi ilikuwa kwenda kwa adui wa adui. Pegu ilikuwa na kila sababu ya kumpokea. Angerudi labda baada ya miaka miwili. Lakini angerudi kama mtu wa Pegu katika vita dhidi ya Ava, na nchi yake ingekuwa kambi. Sidai kuwa aliyapima yote hayo usiku ule akiwa anakimbia. Yawezekana ni njia tu ndiyo iliyokuwa wazi. Ila matokeo yalikuwa kwamba alijiweka mikononi mwa mtu wa tatu, asiye na kisasi katika ugomvi wa wale wawili.

Kurudi kwa sultani baada ya Wali Khan. Uamuzi huu naupa alama za juu kuliko yote. Mwenye hasira angesema Bengal imenisaliti. Yeye alitenganisha mwenye mali na aliyetumwa na mali. Wali Khan hakumsaliti mfalme mmoja wa Kiarakan tu, alimwibia sultani jeshi. Kwa hiyo Min Saw Mon hakurudi kama mwombaji aliyeshindwa, alirudi na mashtaka ambayo Jalaluddin alikuwa na haja nayo kuliko yeye. Sultani anayeachia mkuu wa jeshi ajikatie ufalme wake leo mashariki, kesho atamkuta mwingine magharibi.

Kukubali kuwa chini ya Bengal. Hakukuwa na nafasi ya kukataa, lakini kulikuwa na nafasi katika namna ya kukubali. Bengal haikuweka gavana. Dini haikuguswa. Deni lilikuwa la heshima, ardhi ya pembeni na utii, na mdai alikaa mbali, kwenye nchi yenye mambo yake mengi.

Kuhama. Launggyet ilikuwa imeanguka mbele ya kila aliyeifikia: Ava, Pegu, Wali Khan, kisha yeye mwenyewe. Mji unaotekwa na kila mtu haustahili kulindwa mara ya tano. Mrauk U ilikuwa na vilima vinavyoweza kuunganishwa kwa kuta, na maji ambayo wafalme wa baadaye waliyageuza malambo, mahandaki na mifereji ya kumchanganya mshambuliaji. Kulikuwa na sababu nyingine ambayo haiandikwi lakini naiona. Wakubwa wa Launggyet walikuwa wametumikia mabwana wanne katika muda wa miaka 23. Kuhama kulimpa nafasi ya kuchagua nani aje naye.

## Matokeo

Kwa mizani ya uhai wake, alipata kidogo: miaka minne ya kutawala baada ya kurejea, nchi iliyopungua kuliko aliyoirithi, na bwana juu yake.

Kwa mizani ya kilichofuata, hesabu inageuka. Jalaluddin alifariki mwaka uleule wa 1433, na Bengal ikaingia misukosuko yake. Mwaka 1437 Min Khayi akaichukua Ramu, ng'ambo ya Naf. Yaani miaka minane tu baada ya jeshi la Bengal kumrudisha kaka, mdogo alikuwa anamega ardhi ya aliyewakopesha. Mwaka 1459 mfalme aliyefuata, Ba Saw Phyu, aliitwaa Chittagong. Katika karne ya 16 Min Bin alijenga hekalu la Shitthaung, na Mrauk U ikawa mji wa Wareno, wafanyabiashara wa Kiislamu, watawa wa Kibudha na, katika karne ya 17, washairi wa Kibengali kama Alaol walioandika chini ya ulinzi wa wakuu wa baraza lake. Chittagong haikuwatoka moja kwa moja hadi Wamughal, watawala wa India wa wakati huo, walipoichukua mwaka 1666.

## Uchambuzi

### Kilichoshindikana

Tuanze na kosa la 1404, maana bila hilo kisa hakipo. Huwa tunasema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi, na Arakan huingizwa kwenye methali hiyo kirahisi. Hapa nyasi zilimtekenya fahali mguu. Kijana yule alimhesabu adui aliye vitani, asimhesabu adui aliyetoka vitani. Adui aliyetoka vitani ni hatari zaidi: ana askari walio moto, ana deni la kuwalipa, na anatafuta mahali.

La pili ni mkopo wa kwanza. Mwenye jeshi alikuwa Bengal, mwenye upanga alikuwa Launggyet, na mwenye nchi hakuwa na kitu mkononi. Kati ya baraza la sultani na Launggyet kulikuwa na safari ndefu ya mito na bahari ambayo habari huichukua kwa majuma. Katika hali hiyo, Wali Khan kufanya alichofanya hakuhitaji roho mbaya. Kulihitaji hesabu tu. Min Saw Mon alikuwa na miaka 23 ya kukusanya hata kikosi kidogo cha wakimbizi wenzake wenye kumtii yeye kwanza, na kama alikuwa nacho basi hakikutosha. Ninapokifundisha kisa hiki, watu hukimbilia kumlaani Wali Khan. Mimi huwauliza: nani aliyepanga kwamba kila mwenye silaha katika msafara ule awe anamtii mtu mmoja?

### Kilichofaa

Mkopo wa pili ulikuwa na tofauti moja na wa kwanza, nayo haikuwa idadi ya askari. Mkuu wa jeshi la pili alijua kilichompata wa kwanza. Sultani alikuwa ameshaonyesha kwamba umbali hautamlinda msaliti. Kwa hiyo usaliti wa Wali Khan, ulivyokuwa mchungu, ndio uliomlinda Min Saw Mon safari ya pili.

Halafu kuna suala la kuchagua mdai. Hapa namrudia Anawrahta. Naye alikalishwa kitini na nguvu ya nje, tena kwa ahadi nzito kuliko za Min Saw Mon: aliozwa binti wa mfalme. Hakumaliza miaka miwili. Mdai wake alikuwa katikati ya vita, na adui wa mdai alikuwa jirani wa karibu. Kila aliyemchukia Minkhaung alikuwa na njia fupi ya kumuumiza: kumpiga Anawrahta. Bengal ya 1429 haikuwa na adui aliyeweza kuifikia kupitia Arakan, maana wote wawili walioweza walikuwa wameanguka wenyewe. Mdai mzuri ni yule ambaye maadui zake hawawezi kukufikia.

Je, alisubiri kwa hekima au alisubiri kwa kukosa la kufanya? Naona la pili, kwa sehemu kubwa. Bengal ya 1410 au 1415 isingeweza kumpa hata mtumbwi. Lakini kuna kazi ndani ya kusubiri: kubaki mtu anayefahamika, anayetumika, asiyejiingiza katika upande mmoja wa fitina za mwenyeji kiasi cha kuanguka naye. Sultani mmoja akienda, mwingine amkute. Na yule aliyemsaidia mwishowe naye alikuwa amekalia kiti kwa maridhiano ya kigeni, baada ya kubadilishwa dini akiwa kijana ili jeshi la Jaunpur liondoke. Jalaluddin alijua vizuri maana ya kufika juu kwa mkono wa mwingine. Siwezi kuthibitisha kuwa hilo lilimlainisha, ila sioni ajabu wawili hao wakielewana.

### Bahati, na mipaka ya ushahidi

Tusimpe sifa zisizo zake. Jalaluddin kufa mwaka 1433 hakukupangwa na mtu wa Mrauk U. Angeishi miaka ishirini zaidi, na Bengal ibaki imara, pengine Min Khayi asingethubutu kugusa Ramu, na leo tungemzungumzia Min Saw Mon kama mfalme aliyeiuza nchi.

Kuna pia jambo ambalo msomaji atakutana nalo akitafuta habari zake. Utasoma kwamba alisilimu, au kwamba aliitwa Suleiman Shah. Alitawala na kufa mfalme wa Kibudha. Wafalme waliomfuata walitumia majina ya Kiislamu pamoja na ya kwao, Min Khayi akijulikana pia kama Ali Khan, na Ba Saw Phyu kama Kalima Shah, na baadaye sarafu za Arakan zikabeba maandishi ya Kiajemi. Hiyo ilikuwa lugha ya heshima ya bahari ile, kama vile herufi za Kiarabu zilivyokaa kwenye sarafu za Kilwa. Tarekhe zinazomhusu ziliandikwa muda mrefu baada yake, na leo mfalme huyu anavutwa na pande zinazogombana kuhusu nani ni mwenyeji wa Rakhine na nani ni mgeni. Kila upande unatafuta ndani ya kaburi lake hati ya kiwanja. Ukifundisha kisa hiki, kaa kwenye maamuzi yake, usikubali kuvutwa katika mashtaka ya watu wa leo.

### Kisa cha kulinganisha

Mwisho wa mwaka 1784 jeshi la Kiburma la mfalme Bodawpaya lilivuka milima ileile na kuumaliza ufalme wa Mrauk U. Sanamu tukufu ya Buddha iitwayo Mahamuni ikachukuliwa hadi Amarapura, makao ya Bodawpaya. Maelfu kwa maelfu ya Waarakan wakavuka Naf kuingia Bengal, njia ileile aliyoipita Min Saw Mon, isipokuwa Bengal sasa ilikuwa ya Kampuni ya Kiingereza ya Mashariki ya India. Mji wa Cox's Bazar umepata jina kwa Kapteni Hiram Cox, ofisa wa Kampuni aliyepewa kazi ya kuwapatia wakimbizi hao makazi.

Mwaka 1811 mmoja wao, Chin Byan, alikusanya wakimbizi wenzake, akarudi Arakan na kuuteka mji wa Mrauk U. Yeye alikuwa na kile alichokikosa Min Saw Mon: watu wake mwenyewe. Akaandikia Waingereza akijitolea kuishika nchi chini yao. Kampuni ikakataa. Haikutaka ugomvi na Waburma mwaka ule, na Waburma hawakuamini kuwa haimsaidii. Chin Byan alifukuzwa, akaendelea kupigana mpakani na kufa mwaka 1815 bila kuishika nchi tena. Miaka tisa baadaye Waingereza na Waburma walikuwa vitani, na mwaka 1826 Arakan ikaandikwa mali ya Kampuni, safari hii bila mfalme yeyote wa kurudishwa.